Je, wajua upepo wa Jua unapimwaje?

Kaskazi ikivuma, mvuvi wa Nungwi hahitaji mashine. Anautambua upepo kwa uso wake, kwa rangi ya maji, kwa namna tanga linavyojaa. Lakini upo upepo mwengine unaoipita dunia usiku na mchana, na huo haujapata kutikisa jani: upepo wa Jua. Kasi yake ni kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Kwa kilomita 400 tu, masafa ya Unguja hadi Dar es Salaam ungeyamaliza kabla hujapepesa jicho. Hata hivyo, ungelitweka tanga la ngalawa huko angani mbele yake, lisingejaa.

Sababu ni uchache wa chembe. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina molekuli kama bilioni 25 mara bilioni moja. Upepo wa Jua, ukifika karibu na dunia, una chembe 5 hivi katika nafasi hiyohiyo. Chembe zenyewe ni ioni, yaani atomu zilizopokonywa elektroni, na elektroni hizo zinasafiri pamoja nazo. Katika kila ioni 100, kama 95 ni protoni, yaani ioni za haidrojeni, nyingi ya zilizobaki ni heli, na mabaki machache ni oksijeni, kaboni, chuma na wenzao.

Kwa hiyo hakuna panga la kuzungushwa na upepo huu. Kifaa kinazihesabu ioni moja moja, na kabla ya kuzihesabu kinazichagua kwa umeme.

Fikiria kichochoro cha Mji Mkongwe chenye kona, na mtu anakipita kwa baskeli. Akienda mbio kuliko alivyoinama, anaparuza ukuta wa nje. Akiinama mno na mwendo ni mdogo, anaangukia ukuta wa ndani. Anayetoka salama ni yule ambaye mwendo na kuinama kwake vimelingana. Kifaa ni kichochoro hicho hicho: mabakuli mawili ya chuma, moja ndani ya jengine, yakiacha upenyo mwembamba uliopinda. Bakuli la ndani linatiwa umeme hasi ili livute ioni, na volti ndiyo kuinama kwa baskeli.

Tuchukue vipimo vya mfano. Mpindo una nusukipenyo cha milimita 40 na upenyo ni milimita 3. Protoni ya kilomita 400 kwa sekunde ina nishati ya elektronivolti 835 (kipimo cha nishati ya chembe), na kwa umbo hilo inapita pale tu volti zikiwa karibu 125. Volti zinapandishwa hatua kwa hatua, kutoka kama 15 hadi 3,000, na katika kila hatua ioni zilizotoka upande wa pili zinahesabiwa. Ukichora hesabu hizo unapata vilima viwili. Kikubwa, cha protoni, kiko kwenye volti 125. Kidogo, cha heli, kiko kwenye 250, kwa sababu heli ina uzito mara nne ya protoni lakini umeme wake ni mara mbili tu. Mahali pa kilima panatoa kasi, upana wake unatoa joto, na ukubwa wake unatoa idadi ya chembe.

Chombo cha Marekani, Mariner 2, kilitumia njia hii mwaka 1962 kikielekea Zuhura, kwa hatua 10 za volti, mzunguko mmoja ukichukua dakika 3.7, na kikaondoa shaka kwamba upepo huo unavuma bila kukoma. Mwaka huohuo, hapa Unguja, kituo cha Tunguu kilikuwa kikifuatilia safari za watu angani za mradi wa Mercury wa Marekani.

Mitambo ya sasa inaipokea ioni kwenye bamba la kioo lenye mamilioni ya matundu, kila tundu jembamba kuliko unywele. Ioni moja ikigonga ukuta wa tundu inang'oa elektroni, hizo zinang'oa nyengine, na kwa mabamba mawili yaliyopangwa pamoja zinatoka elektroni kama milioni moja. Hapo ndipo inapohesabika.

Tabu kubwa ni mwanga. Ioni zinazofika ni kama milioni 200 kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde. Chembe za mwanga wa urujuanimno, ambazo nazo bamba hilo huzihesabu, ni zaidi ya mara elfu ya hizo. Kichochoro kilichopinda kinasaidia kwa kuwa mwanga haukati kona, ila unaweza kudunda ukutani. Ndiyo maana kuta za mabakuli hutiwa weusi na kukwaruzwa kwa makusudi, ili kila mdundo uupunguze. Sehemu moja inayong'aa inatosha kuleta hesabu za uongo kila kifaa kinapolielekea Jua.

Kuna unyevu pia. Mabamba haya hunywa maji ya hewani, na hewa kama yetu ya Masika ingeyaharibu, kwa hiyo huwekwa kwenye naitrojeni kavu mpaka siku za kuruka. Hata angani haifai kuharakisha: chombo huachwa kwanza kitoe mvuke wote uliobaki, maana volti zikiwashwa mapema zinaruka cheche na bamba linaungua.

Na kuhesabu kwenyewe kuna kikomo. Tuseme baada ya kila ioni kihesabuji kinahitaji nanosekunde 500 kupumua. Zikija ioni milioni moja kwa sekunde, kitahesabu kama 667,000, na theluthi itapotea. Asiyesahihisha hilo atasema upepo ni mwepesi wakati umezidi.

Kwa ajili hiyo vyombo vingine hubeba kikombe cha Faraday, na mimi kifaa hicho nakiheshimu sana kwa unyofu wake. Ni kikombe cha chuma chenye nyavu mdomoni. Wavu mmoja hupandishwa na kushushwa volti haraka haraka, na ioni zenye nishati iliyo baina ya volti hizo mbili tu ndizo zinazofanya mkondo upande na kushuka. Mkondo wa mwanga haubadiliki, basi unachujwa. Kinachopimwa ni pikoampea 32 hivi (pikoampea ni sehemu ya trilioni ya ampea) kwa kila sentimita ya mraba, na hakuna bamba la kuzeeka. Chombo cha kulichunguza Jua, Parker Solar Probe, kilichoruka 2018, kimekitoa kikombe chake nje ya ngao ya joto, kikiwa na nyavu za tungsteni.

Vifaa vyote viwili vinashindwa jambo moja. Kaboni iliyopoteza elektroni zote 6 ina uwiano uleule wa uzito na umeme kama heli, hivyo hujificha ndani ya kilima cha heli. Hata kuipima muda wa safari hakusaidii, kwani mwendo wao ni mmoja. Inabidi ioni igote kwenye kipokezi kinachosoma nishati yake yote, na hapo kaboni inaonesha mara tatu ya heli.

Vyombo vya kutoa tahadhari, kama ACE cha Marekani, hukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa Jua. Kwa kasi ya kawaida tunapata muda wa saa moja kabla upepo haujafika, nao ukiwa mkali huweza kuvuruga GPS na redio. Oktoba 2003 ulivuka kilomita 1,850 kwa sekunde, chini ya dakika 14 mpaka duniani. Siku hizo chembe za mionzi zilitoboa kuta za kifaa cha ACE na kukijaza hesabu za uongo, na kwa kuwa kwa kawaida kilipima volti za karibu na kilima tu, kikawa kinafuata kilima kisicho chake. Vipimo vilivyofaa ni vile vya msako wa volti zote, uliofanyika mara moja tu kila dakika 33 hivi.