Miche ya mboga Goma: inaharibikia dirishani, inafia bustanini

Mche wa shu (kabeji) ukilala chini siku ya pili baada ya kuatikwa, lawama huenda kwa mawe ya volkano, kwa mbegu ya dukani au kwa jua. Mara nyingi kosa lilishatendeka wiki tatu nyuma, ndani ya nyumba, kasha la miche lilipowekwa mbali na dirisha.

Kusia mbegu ndani kuna faida kubwa katika mji huu wa Goma, mashariki mwa Kongo. Viwanja vingi vimekaa juu ya mawe ya moto wa volkano ya Nyiragongo uliomwagika mwaka 2002, udongo wa kulimia hubebwa kwa magunia, mvua ya Novemba au Aprili hufukua mbegu ndogo, na kuku hawajui mipaka. Kasha la sentimita 30 kwa 20 hulea miche 40 hivi, na kwa shu hiyo inatosha bustani ya mita za mraba 9. Mboga zinazokubali njia hii ni shu, shu ya Kichina, saladi, spinachi na lengalenga (mchicha). Sombe (kisamvu) na matembele hupandwa kwa vijiti, hayamo katika maelezo haya.

Kasha si lazima linunuliwe. Kata bido (dumu) la mafuta la lita 5 kwa urefu, toboa matundu 8 hadi 10 chini kwa msumari uliopashwa moto, na jaza udongo wa kina cha sentimita 6 hadi 8. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa na sehemu moja ya mchanga mweusi wa volkano uliochekechwa. Samadi ambayo bado ina joto au harufu kali huunguza mizizi. Majivu ya makala (makaa) yasizidi kijiko kimoja cha chakula kwa kasha zima, kwa kuwa yana chumvi na magadi.

Kabla ya kusia, ua vimelea vya kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoangusha miche michanga. Weka udongo wenye unyevu katika sufuria kuukuu yenye maji ya vidole viwili chini, funika, na ukiona mvuke unatoka juu ya udongo wote hesabu dakika 30. Uache upoe hadi kesho yake. Ni kazi na inakula makala, lakini kwa makasha mawili matatu inalipa.

Sia kwa mistari inayoachana sentimita 5. Mbegu ya shu izame nusu sentimita. Saladi inahitaji mwanga ili iote, kwa hiyo inyunyizie vumbi la udongo tu. Mbegu ya lengalenga ni ndogo sana; ichanganye na mchanga mkavu, la sivyo zitaangukia mahali pamoja. Spinachi iloweke usiku mmoja, na ujue kwamba kile kinachoitwa mbegu moja ni kifundo chenye mbegu kadhaa: zikiota tatu pamoja, kata mbili kwa mkasi na usizing'oe. Usiku wa Goma hushuka hadi nyuzi 14 au 15, na lengalenga hupenda joto, kwa hiyo kasha lake likae karibu na jiko mpaka litoe vichwa. Likishatoa, lihamishwe siku hiyohiyo kwenye mwanga. Hapa ndipo mambo huharibika.

Mche uliokosa mwanga hautoi ishara ya ugonjwa. Unarefuka, na mwenye nyumba anafurahi kwamba unakua haraka. Tazama sehemu ya shina kati ya udongo na yale majani mawili ya mwanzo. Kwa shu, ikiwa ni sentimita 2 au 3, imesimama na ina rangi ya zambarau kidogo, mche uko vizuri. Ikiwa ni sentimita 6, nyeupe, imepinda kuelekea dirishani, mche umetumia akiba yote ya mbegu kutafuta jua, na hata mbolea haitaurudisha.

Goma iko kusini kidogo tu ya ikweta, chini ya nyuzi 2. Jua la saa sita mchana huegemea kaskazini kati ya Aprili na Septemba, kisha hurudi kusini. Dirisha la kaskazini linalofaa mwezi wa Juni halipati jua mwezi wa Desemba. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, nalo ndilo bora. Kasha likae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye kioo, ligeuzwe kila asubuhi, na nyuma yake pawekwe karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga. Kipimo ni hiki: weka karatasi juu ya kasha, nyoosha mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo zinazoonekana wazi ni mwanga wa kutosha. Kivuli cha ukungu ni mwanga haba. Taa ya kawaida ya chumbani haisaidii kitu.

Maji hutolewa asubuhi, kidogo, kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Kinyausi kikiingia, shina hunyong'onyea usawa wa udongo kama uzi na mche huanguka ungali kijani. Ondoa miche hiyo pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua dirisha. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi, kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Katika kasha dogo huacha ukoko mweupe juu ya udongo. Mara moja kwa wiki mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu, chumvi ishuke nayo.

Shu hukaa kasheni wiki 4 hadi 6, saladi na shu ya Kichina wiki 3 hadi 4, lengalenga wiki 3. Siku 8 hadi 10 za mwisho ni za kuizoesha miche nje. Jani lililokulia ndani lina utando mwembamba wa nta na shina lake halijawahi kupambana na upepo wa ziwa. Siku ya kwanza itoe kwa muda wa saa moja tu, asubuhi, kivulini. Ongeza saa moja kila siku, kisha anza jua la asubuhi, na siku mbili za mwisho ilale nje. Mabaka meupe kwenye majani ni kuungua kwa jua: rudi nyuma siku mbili. Kabla ya kuanza kuitoa nje, kupitisha kiganja taratibu juu ya miche mara chache kila siku hukaza mashina.

Siku za mvua angalia moshi wa Nyiragongo. Upepo mara nyingi huusukuma magharibi, upande wa Rusayo na Sake, lakini hubadilika. Mvua iliyopita ndani ya moshi huo hushuka na asidi na kuacha vidoa vya kuungua kwenye majani machanga. Miche iliyo katika mazoezi iingizwe ndani matone yanapoanza.

Atika baada ya saa kumi jioni au siku ya mawingu. Mwagilia kasha muda wa saa mbili kabla ya kuatika, shika mche kwa jani, kamwe si kwa shina. Shu izame hadi karibu na majani ya chini. Moyo wa saladi ubaki juu ya udongo. Nafasi ni sentimita 45 hadi 50 kwa shu, 30 kwa spinachi na shu ya Kichina, 25 kwa saladi. Ndani ya ukingo wa mawe, tandika vipande vya mgomba chini ya udongo, maana mwamba wa volkano hunywa maji upesi, kisha funika juu kwa majani makavu. Kila mche upewe kikombe cha maji na kivuli cha jani la mgomba kwa siku tatu.

Mche ukilegea saa sita na kusimama jioni, uache. Ukiwa umelegea alfajiri, fukua kidogo kando ya shina: sota (kiwavi anayekata mashina ya miche) hulala hapo, amejikunja kama herufi C, na usipomkuta, mahali pa kumtafuta kesho ni chini ya mche ulio kando yake.