Nyungu ni nini hasa?

Mtu akikwambia "jana nilipiga nyungu", hazungumzii chombo. Katika lugha kadhaa za bara nyungu ni chungu cha udongo, lakini neno limehamia kwenye tiba yenyewe: kujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa. Chungu wengi hawana tena. Ni sufuria tu.

Majani huchumwa yaliyo karibu: mkaratusi, mchaichai, mpera, mlimau, kivumbasi, mwarobaini. Tunaiita dawa ya asili, ingawa mkaratusi asili yake ni Australia na mwarobaini ulitoka Bara Hindi. Mti ukishaota uani, ni wetu. Harufu ikishajaa nyumba, sufuria inaepuliwa na kuwekwa sakafuni, mgonjwa anakaa kwenye kigoda, anafunikwa blanketi zito mpaka chini, kisha anafunua mfuniko kidogo kidogo. Muda si mrefu jasho linamchuruzika. Akitoka anafutwa, anajitanda khanga kavu na kupewa tangawizi ya moto. Kupigwa na upepo ni marufuku, na hapo wazee hawana mzaha.

Mwaka 2020 korona ilipoingia Tanzania, hayati Rais Magufuli alihimiza kujifukiza, na nyungu ikatoka uani ikawa habari ya mjini.

Inasaidia nini? Homa ikianza, ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka. Mwili unajiona wa baridi hata ngozi ikiwa inaunguza, na misuli inatetemeka ili kutengeneza joto. Mvuke unauletea joto hilo kutoka nje, basi mtetemo unatulia. Mafuta ya mkaratusi nayo hugusa neva za puani zinazohisi ubaridi. Ndiyo maana unaona pua imefunguka hata kama kamasi ni ileile.

Panapodanganya ni kwenye malaria. Homa yake huja kwa zamu: baridi kali, joto, halafu jasho jingi, kisha nafuu ya muda. Mtu anapiga nyungu wakati wa baridi, jasho linatoka, anasema amepona. Jasho lile lingetoka hata angelala tu, na vimelea bado vimo kwenye damu, ambako mvuke haufiki. Kesho au keshokutwa anatetemeka tena. Kipimo cha damu kitangulie, nyungu ifuate kwa anayeipenda.

Mtoto mdogo asiingizwe humo. Chini ya blanketi ni giza, na teke moja linatosha kuimwaga sufuria mapajani.