Sabuni "inaoza baharini"? Ngoja kwanza tufungue chupa

Wiki kadhaa zilizopita alikuja mama mmoja wa Sahare, hapa Tanga, pale maabara ninapofanya kazi na dumu la lita tano la sabuni ya maji, anaitengeneza mwenyewe nyumbani anawauzia wauza samaki wa soko la Deep Sea ya kuoshea meza na mabeseni. Nikamwamkia, nikampa kiti, akaniambia mwanangu nataka unipimie niandike kwenye lebo "inaoza baharini", manake maji yale yote yakishaoshea yanaenda wapi kama si baharini? Nikamuuliza mama inaoza kwa siku ngapi, na inaoza yote au povu tu linapotea? Akanyamaza. Ndo nikaona niandike hapa manake swali lile watu wengi hawajawahi kuulizwa, hata wenye viwanda.

Kuoza kuna hatua mbili. Ya kwanza ile kemikali inakatika kidogo tu, inapoteza tabia yake, sabuni haitoi povu tena, lakini vipande bado viko majini. Ya pili bakteria wamekula mpaka mwisho, kaboni yote imekuwa hewa ya ukaa au miili ya bakteria wenyewe. Mtu akikwambia bidhaa yake inaoza muulize anasema ipi, tofauti yake ni kubwa mno. Miaka ya 1950 huko Ulaya na Marekani mito ilikuwa inajaa povu kama maziwa yanayochemka, kwa sababu sabuni za unga za wakati ule zilikuwa na kemikali yenye mnyororo wa matawi matawi na bakteria wanashindwa pa kuanzia, mpaka miaka ya 1960 viwanda vikahamia kwenye mnyororo ulionyooka. Ile salfonik asidi tunayonunua leo kutengenezea sabuni ya maji kwa kawaida ni ya mnyororo ulionyooka.

Sasa bahari. Vipimo vingi unavyoona kwenye makaratasi ya kemikali ni vya maji baridi, wanachukua tope la mtambo wa majitaka lenye bakteria wa kumwaga halafu wanaangalia kwa siku 28. Maji ya bahari hayako hivyo, bakteria ni wachache na chakula chao kichache, kwa hiyo kitu kinachoisha haraka kwenye majitaka kinaweza kuchelewa sana pale ufukweni Raskazone. Kipimo cha bahari tunachofuata ni OECD 306 cha mwaka 1992, OECD ni shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na ninachokipendea ni kwamba huongezi bakteria yeyote. Unachota maji ya bahari, unaweka nitrojeni na fosforasi kidogo, na wale bakteria waliokuja na maji ndo wafanyakazi wako. Kuna njia mbili, moja ya chupa kubwa zinazotikiswa unapima kaboni iliyobaki mpaka siku 60, nyingine ya chupa zilizofungwa unapima oksijeni kwa siku 28. Sisi tunatumia ya chupa zilizofungwa, ni rahisi na inataka vifaa vichache.

Hesabu yake iko hivi. Maji ya bahari kwenye nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 7.4 kwa lita, basi, hamna zaidi. Ukijaza chupa mpaka juu bila kipovu hata kimoja ukaifunga, hiyo ndo hewa ya bakteria kwa mwezi mzima, kwa hiyo bidhaa unaweka kiduchu, miligramu 2 kwa lita, manake ukizidisha oksijeni inaisha bakteria wanakwama na wewe unadhani bidhaa haiozi. Tuseme miligramu 2 za kitu chako zikiliwa zote zinahitaji oksijeni miligramu 4. Siku ya 28 unakuta chupa ya bidhaa imetumia 3.4, chupa ya maji ya bahari matupu yasiyo na bidhaa imetumia 1 peke yake, unatoa inabaki 2.4, unagawa kwa 4, asilimia 60. Hapo ndo kwenye mstari, kuanzia hapo tunasema kuna uwezekano wa kuoza baharini. Chupa zinakaa gizani, mwani mdogo mdogo ukipata mwanga unatengeneza oksijeni na hesabu yote inaharibika.

Halafu kuna chupa ambayo mimi naiangalia kabla ya zote, ya sodiamu benzoeti, ile dawa wanayoweka kwenye soda isiharibike. Bakteria wa bahari wanaila bila shida, kwa hiyo isipoliwa ujue bakteria wako hawako sawa. Mwaka jana ilitutokea, tulichota maji vizuri tu, bamvua, maji yamejaa, mbali na mdomo wa mto, tukasubiri siku 28, kufungua benzoeti iko vile vile haijaguswa. Tukatafuta weee kumbe dumu moja lilioshwa kwa dawa ya klorini halikusuuzwa vya kutosha. Chupa zote zile na mwezi mzima ukaenda. Iliniuma, lakini bila ile benzoeti ningeandika ripoti kwamba bidhaa ya mtu haiozi na ingekuwa uongo.

Sabuni ya mama ilikuwa na shida yake nyingine kwa sababu sabuni si kemikali moja. Mule kuna sless ya kutoa povu, ile salfonik ya kutoa uchafu, CMC ya kuifanya nzito, chumvi, rangi, manukato, na fomalini kidogo isivunde. Ukiipima yote kwa pamoja vile vyepesi vinaliwa haraka vinakupa namba nzuri na vigumu vinajificha nyuma yake. Isitoshe fomalini kazi yake ni kuua bakteria. Kwa hiyo tunaweka chupa nyingine yenye benzoeti na sabuni humo humo, benzoeti ikigoma wakati peke yake inaliwa basi sabuni inawaua bakteria, na hilo ni jibu tofauti kabisa na kusema haiozi. Nikamwambia mama tukipima vitu vitatu vikubwa kimoja kimoja ndo utajua, akaenda akaniletea vyote kwenye vichupa. Maji tukayaacha wiki nzima yatulie kwanza, yale machafu yaliyokuja nayo yaliwe, ndo tukaanza kuhesabu siku 28.

Juzi tumefungua za mwisho. Benzoeti imeliwa vizuri kote, hata ile iliyokaa na sabuni, kwa hiyo fomalini yake kwa kiasi kile haikuua kitu. Sless imevuka mstari. Salfonik imepita asilimia 20 lakini 60 haijafika, na hiyo siiti kufeli, kipimo hiki ni kigumu, saa ingine bakteria wanachukua wiki mbili tatu kuzoea ndo wanaanza kula, hiyo nitairudia kwa siku 60. CMC karibu haijaguswa kabisa. Kumbuka pia sisi tunapima nyuzi 20 wakati bahari yetu hapa Tanga kipindi cha kaskazi inafika 28 na zaidi, kwenye joto kazi inaenda haraka, lakini siwezi kumwandikia mtu namba ambayo sijaipima.

Mama alipokuja nikamsomea: sless, maji ya bahari, nyuzi 20, siku 28, imepita, salfonik bado inapimwa, CMC haijaoza. Akasikiliza mpaka mwisho akaniuliza, hiyo CMC nikiitoa kabisa? Nikamwambia sabuni itakuwa nyepesi, chumvi itabidi ndo ifanye kazi ya kuifanya nzito, jaribu ndoo moja uone. Akasema wateja wake wa Deep Sea hawajali uzito wanajali harufu ya samaki itoke, kwa hiyo Jumatatu analeta dumu lingine, na lebo hachapishi mpaka salfonik irudi.