Koti la suti haligeuki blazia

Kila wiki oda ni ileile: "Fundi, nishonee suti moja ya maana, Jumatatu niivae nzima, Ijumaa koti nilivalie jinzi." Hapana! Koti la suti hata ulitenge na suruali yake ni koti la suti tu, si blazia, yaani koti linaloshonwa livaliwe na suruali nyingine, na ofisi nzima inaliona.

Kitambaa cha suti ni laini, kinang'aa kidogo. Jinzi ni nzito, ina mkwaruzo. Ukivikutanisha, koti linaonekana la kuazima. Halafu koti likienda kwa dobi peke yake, rangi inachuja peke yake. Mwisho huna suti wala blazia.

Unayetaka koti la kikaoni na la matembezi, sema kabla sijashika mkasi. Tuchukue sufu isiyong'aa ambayo nyuzi zake zinaonekana, gramu 240 hadi 280 kwa mita ya mraba, bluu iliyokolea, bila mistari. Mifuko iwe ya kubandika, vifungo vya kahawia, pedi za mabega nyembamba au zisiwepo, urefu upungue kama sentimita 2. Suruali kata mbili kabisa, maana ndiyo inayokufa kwanza, makalioni na mapajani. Ongeza kama mita 1.3 ya kitambaa cha upana wa sentimita 150. Zitoke jora moja, kwani jora jingine la namba hiyohiyo huja na rangi iliyopishana. Na kwa dobi viende vyote pamoja, hata suruali ambayo haikuvaliwa.

Sasa bitana. Mtu akisikia koti la kuvaliwa kwenye joto la Dar halitawekwa bitana, kitambaa cha ndani, mgongoni, anadai punguzo. Bitana ndiyo inayoficha kazi! Ikiondoka, ndani kote kunaonekana: kila ukingo wa mshono uzungushiwe utepe uliokatwa mshazari, kipande cha kitambaa cha koti kinachogeuzwa ndani kwa mbele kirefushwe hadi kwapani, na mgongoni juu kibaki kipande cha bitana ili koti liteleze likivaliwa. Mikono nayo lazima iwe na bitana, la sivyo shati linang'ang'ania na kupanda hadi kiwikoni. Kitambaa kinaongezeka, saa zinaongezeka. Punguzo la nini?

Kwenye gamu stafu, kile kitambaa chenye gundi kinachobandikwa ndani kwa pasi ili koti lisimame, bado sijatulia. Malengelenge ya kitambaa kifuani hutokea pasi ikiwa haikufikia joto lake, ikiburuzwa badala ya kukandamizwa, au kitambaa kikisinyaa na gamu isisinyae. Ndiyo maana kitambaa kipigwe mvuke na kipoe kabla ya kukatwa. Kanvasi, kitambaa kigumu kinachoshonwa kwa mkono badala ya kubandikwa, haina shida hiyo, ila inakula muda mwingi, na gamu nzuri iliyobandikwa vizuri hudumu miaka. Kwa sasa naweka kanvasi kifuani na kwenye mkunjo wa kola, gamu pindoni na mifukoni. Huenda nikabadili mawazo.

Na kama kazini kwako tai si lazima, kwa nini usifikirie suti ya Kaunda? Nyepesi, haihitaji tai, na shati lake linavalika na suruali nyingine bila kugombana. Ila uliza kwanza kanuni za mavazi: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku katika Bunge la Taifa la Kenya. Ukishapata jibu, lete kitambaa tupime.