Maelezo ya zana hayapimwi kwa kuyasoma

Nimeletewa tena maelezo ya zana, yaani maandishi yanayomwambia wakala wa AI (modeli ya lugha inayoita programu kufanya kazi) kila zana ni ya nini, na ombi lile lile: "Yapitie, uyape alama." Nimelijibu ombi hili faraghani mara nyingi mno, leo nalijibu hapa. Siwezi kuyapa alama kwa kuyasoma, na wewe huwezi. Hata modeli uliyoiuliza ikakupa tisa juu ya kumi haiwezi. Modeli zinazofanywa waamuzi zinajulikana kwa kupendelea maandishi marefu, na maelezo mabovu kuliko yote niliyowahi kupima yalikuwa marefu tena yameandikwa vizuri.

Wakala haoni msimbo wako. Anaona jina la zana, maelezo na skima ya vigezo, yaani orodha ya taarifa ambazo zana inazihitaji. Ndivyo ilivyo hata kwenye Model Context Protocol, itifaki ya kuunganisha modeli na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Wewe unaujua mfumo, kwa hiyo kila pengo unaliziba bila kujijua.

Chukua zana iliyoitwa fungua_akaunti. Maelezo: "Hufungua akaunti ya mteja." Kigezo kimoja cha lazima: namba ya mteja. Watu watatu waliyapitia wakaridhika, maana wote walishiriki kuujenga mfumo na walijua kazi ya zana ni kuondoa kufuli pale nywila ikikosewa mara nyingi. Nikamwandikia wakala: "Kuna mteja mpya anataka kufungua akaunti." Akaita fungua_akaunti. Namba hana, na kigezo ni cha lazima, basi akabuni: 1001. Kwenye data za majaribio namba hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, na kufuli lake likaondolewa. Wakala akanijibu kwa adabu kwamba akaunti ya mteja mpya imefunguliwa.

Nikajaribu "nifungulie akaunti ya 1001 nione anadaiwa kiasi gani". Zana ile ile. Kitenzi kimoja, maana tatu: kuanzisha, kuondoa kufuli, kutazama.

Hapa ndipo subira inaponiishia, kwa sababu ukiyasoma maelezo yale peke yake hayana kosa. Sarufi ni sahihi, na hayadanganyi. Ubovu unaonekana yakikaa kando ya zana jirani, sajili_mteja na ona_akaunti, na wakala kwa kawaida huyasoma hivyo, yote kwa pamoja, kisha achague. Ukiongeza zana moja jirani, au mwenzako akibadilisha maelezo ya zana yake, ya kwako nayo yamebadilika ingawa hukugusa hata herufi. Kwa hiyo usiniletee zana moja. Niletee kundi zima litakalokuwa mbele ya wakala.

Zana ile tuliibadilisha jina, tukaiita ondoa_kufuli, tukaandika kwamba haianzishi akaunti wala haionyeshi taarifa, tukazitaja zana za kazi hizo, tukaongeza: "Usibuni namba, kama huna, muulize mtumiaji." Kisha nikawa naondoa sentensi moja moja na kurudia majaribio. Jina jipya ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kazi. Sentensi ya kutobuni namba ikiondolewa, ubunifu unarudi. Aya nzima kuhusu historia ya mfumo ilipofutwa, hakuna kilichobadilika, kumbe ilikuwa inakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma) kila mara, zana iitwe isiitwe.

Maombi ya kupimia yawe ya aina tatu: yanayoihitaji zana, yanayomhitaji jirani yake, na yasiyohitaji zana yoyote. Aina ya tatu wengi huiruka. Angalia vigezo pia: usipotaja mpangilio wa tarehe, 04/03/2025 itakuwa Machi kwa mmoja na Aprili kwa mwingine. Ujumbe wa kosa nao ni maelezo. "Kosa 400" halimfundishi wakala chochote.

Sasa yanayonisumbua. Ombi lile lile halileti jibu lile lile kila mara, kwa hiyo narudia mara kumi. Lakini nane na tisa juu ya kumi sithubutu kuziita tofauti. Nikiyarekebisha maelezo huku nikiyaangalia maombi yale yale, naishia kuyatengeneza yafaulu mtihani huo tu, hivyo natenga mengine nisiyoyagusa hadi mwisho. Modeli ikibadilishwa, narudia yote. Na maombi ninayoyatunga mimi yana maneno ya mtu anayezijua zana. Mtumiaji halisi huandika "akaunti imegoma", basi.

Ombi hilo bado linamgawanya wakala: mara tano ondoa_kufuli, mara tatu ona_akaunti, mara mbili anauliza swali. Mimi naona kuuliza ndiko sahihi. Mwenzangu anasema kutazama kwanza, kwa kuwa kutazama hakuharibu kitu, na sina hoja ya kumshinda. Tumekubaliana kuhesabu kosa pale tu anapoondoa kufuli kabla ya kutazama au kuuliza.