Wale wa kwenye jezi ya England ni simba au chui?

Kila England wakicheza lazima atokee mtu wa kutuambia kwamba wale simba watatu wa kwenye jezi kumbe ni chui, eti Waingereza wenyewe hawajui historia yao. Juzi nimeisikia tena kibanda umiza, jamaa kaongea kwa uhakika kabisa na watu wakamwitikia, basi nikasema leo niandike.

Neno linalowachanganya ni léopard, ambalo leo watu wanalijua kama chui. Ila hapa ni Kifaransa cha zamani cha wachora nembo za kwenye ngao, na maana yake ni simba anayetembea huku kageuza uso anakutazama. Ni hivyo tu. Ni jina la pozi.

Kwa nini Kifaransa? Kwa sababu karne ya 12 na ya 13 wafalme na makabaila wa Uingereza walikuwa wanaongea Kifaransa, asili yao Normandy na Anjou huko Ufaransa, kwa hiyo lugha ya ngao ikawa hiyohiyo na mpaka leo wataalamu wa nembo wa Uingereza wanasema rampant, passant. Passant ni anayepita. Rampant ni aliyeinuka kwa miguu ya nyuma kama anaparamia kitu, maana ramper zamani ilikuwa kuparamia, ingawa Mfaransa wa leo akiisikia anaelewa kutambaa.

Sasa kwa wale wachoraji, simba mwenyewe ni huyo anayeparamia, uso upande, unaona jicho moja tu. Akishuka akatembea na kukugeuzia uso, macho yote mawili, wanamwita léopard. Neno limetoka Kilatini, leo ni simba na pardus ni chui, watu wa kale waliamini mnyama huyo amezaliwa na hao wawili. Halafu kuna wa katikati: anatembea ila uso upande ni lion léopardé, anaparamia ila uso kwako ni léopard lionné. Yaani wanaangalia miguu na macho, madoa hayamo kabisa.

Chukua mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza. Muhuri wake wa 1189 una simba anayeparamia, ule wa 1198 una watatu wanaotembea wamekukazia macho, na ndio haohao wa jezi, itazame vizuri utaona kila mmoja kanyanyua mguu mmoja wa mbele. Kilichobadilika pale ni idadi na pozi, mnyama ni yuleyule.

Chui wa kweli yupo kwenye nembo ya Congo ya Kinshasa (DRC), kile kichwa chenye madoa, na timu yao ya taifa ikiitwa Léopards hapo ni mnyama mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kibandani, ukisema maandishi ya kale yanawaita léopard uko sahihi, yanawaita hivyo kweli. Ila ukilileta kwenye Kiswahili usitafsiri chui, sema simba anayetembea akikutazama.