Mzigo wa mazoezi na hesabu zake: ufafanuzi kwa makocha na wanariadha

Kitengo chetu cha sayansi ya michezo kinaendelea kupokea malalamiko ya wakimbiaji walioachwa nje ya vikosi kwa sababu programu ya simu ilionyesha "wamechoka". Hatuna shaka na nia ya makocha. Lakini programu hizo hazipimi uchovu, zinajumlisha zilicholishwa.

Hesabu yenyewe si ngeni. Eric Banister na wenzake wa Kanada waliieleza mwaka 1975: kila zoezi huacha utimamu wa mwili unaofifia polepole, pamoja na uchovu ulio mkubwa zaidi lakini unaoisha haraka. Chukua kiwango cha mwanzo, ongeza utimamu, toa uchovu. Programu nyingi huweka siku 42 kwa utimamu na 7 kwa uchovu, yaani muda ambao kila kimoja hufifia hadi asilimia 37 hivi, na hapo ndipo watu hupotea.

Tuchukue zoezi moja la pointi 100, uchovu ukihesabiwa mara mbili. Kwa 42 na 7, siku ya 3 mwanariadha yuko chini kwa pointi 37, siku ya 6 amerudi alipoanzia, na faida hufika kileleni siku ya 21, pointi 51 hivi. Sasa weka 45 na 15. Kurudi alipoanzia kunasogea hadi siku ya 16, kilele hadi siku ya 40. Zoezi ni lilelile, miguu ni ileile. Kocha anayeanza kupunguza mazoezi wiki moja kabla ya mashindano huenda anamsimamisha mstarini mtu ambaye bado ana deni la uchovu.

Nambari hizo za mwanariadha mwenyewe hupatikana kwa mbio za kupima: mita 3,000, uwanja uleule, saa ileile, kila baada ya siku 10 hivi, kwa miezi. Modeli, yaani hesabu hiyo, ina vigezo 5 (kiwango cha mwanzo, uzito wa utimamu na wa uchovu, na siku za kufifia za kila kimoja), hivyo ukiwa na vipimo 5 tu, mchoro unaweza kupita kwenye nukta zote bila kukuambia lolote. Usichanganye muda wa mbio za Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na wa Mombasa. Tunashangaa kwamba hili bado linahitaji kuelezwa.

Mzigo wa siku ni dakika mara ugumu, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Dakika 70 za kasi kwa ugumu wa 8 ni 560. Dakika 40 za polepole kwa 3 ni 120. Muulize mwanariadha ugumu huo nusu saa baada ya zoezi, wenzake wasisikie. Akiulizwa papo hapo, atajibu kwa mzunguko wa mwisho tu. Kocha asimjibie.

Siku ya mapumziko ni 0. Siku ambayo daftari halikujazwa si 0: kadiria kutoka kwenye ratiba na uweke alama, la sivyo modeli itadhani amepumzika na kukuruhusu umwongezee. Daftari jipya nalo huanza kana kwamba mtu hajawahi kukimbia. Baada ya siku 42 bado amebaki na asilimia 37 ya utimamu wa zamani usiohesabiwa, baada ya 84 asilimia 14. Usifanye uamuzi kwa mchoro wa chini ya miezi 4.

Kuhusu kumbukumbu hizi: mapigo ya moyo na majeraha ni data ya afya, nayo ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Kwa mwanariadha aliye chini ya miaka 18, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Ipateni kwa maandishi. Data ikivuja na kukiwa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Adhabu ya jumla chini ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kutuma jedwali la kambi nzima kwenye kundi la WhatsApp si jambo dogo.

Wanaotaka modeli zao zikaguliwe walete daftari la miezi 6 lenye kila siku, pamoja na matokeo ya mbio za kupima yakiwa na tarehe, saa na uwanja. Picha za skrini ya simu hazipokelewi.